Kipima Mvua au Setilaiti: Namna ya Kuchagua Chanzo cha Takwimu za Mvua

Anayehitaji takwimu za mvua siku hizi ana vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni kituo cha ardhini, chenye kipima mvua kinachosomwa kila siku na daftari ambalo pengine kumbukumbu zake zinarudi nyuma miongo mingi. Cha pili ni setilaiti, ambazo hutoa makadirio ya mvua kwa sehemu kubwa ya uso wa dunia, bila malipo, tena saa chache tu baada ya mvua kunyesha. Mara nyingi mtu huchukua safu mbili za namba, moja kutoka kila upande, akatoa moja katika nyingine, kisha akaiita tofauti aliyoipata "kosa la setilaiti". Ulinganisho ufuatao umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua kati ya vyanzo hivyo, na unaanza kwa kuipinga hatua hiyo ya mwisho, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti hiyo huwa si kosa la upande wowote.

Kila upande unapima nini hasa

Kipima mvua cha kawaida ni chombo chenye mdomo wa duara, ambao kipenyo chake ni sentimita 20.3 katika aina inayotumika sana Marekani, na sentimita 12.7 katika aina iliyozoeleka Uingereza. Eneo la mdomo wa aina ya kwanza ni takriban sentimita za mraba 324. Setilaiti, kwa upande wake, hutoa namba moja kwa mraba mzima wa ardhi. Katika IMERG, takwimu za NASA, shirika la anga la Marekani, zinazotokana na GPM, mpango wa setilaiti za kupima mvua, mraba huo una upana wa digrii 0.1, yaani kama kilomita 11 karibu na ikweta, na kila nusu saa una namba yake. CHIRPS, inayotayarishwa na Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara kwa kushirikiana na wakala wa jiolojia wa Marekani, ina miraba ya digrii 0.05 na kumbukumbu zinazoanzia mwaka 1981. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading inahusu bara la Afrika pekee, ina miraba ya takriban kilomita 4, na inaanzia mwaka 1983.

Ukigawanya eneo la mraba mmoja wa IMERG kwa eneo la mdomo wa kipima mvua, jibu ni karibu bilioni nne. Na ukivipanga vipima mvua 100,000 vya aina hiyo ya Marekani mdomo kwa mdomo, vitafunika mita za mraba 3,240 hivi, ambazo hazifiki nusu ya uwanja wa mpira wa miguu. Hesabu hii haikusudiwi kuvidharau vipima mvua. Inakusudiwa kuonyesha kwamba tunalinganisha nukta na eneo, na kwamba vitu hivyo viwili havina sababu ya kulingana hata pale ambapo kila chombo kimefanya kazi yake bila dosari.

Tuseme mraba una kilomita za mraba 121, na wingu la ngurumo linanyesha milimita 40 juu ya kilomita za mraba 40 tu, huku sehemu iliyobaki ikikaa kavu. Wastani wa mraba mzima ni kama milimita 13. Kipima mvua kilichoko chini ya wingu kitasoma 40, kilichoko nje yake kitasoma sifuri, na setilaiti isiyokosea kabisa itasema 13. Hakuna aliyekosea kati ya hao watatu, lakini mtu anayetoa namba moja katika nyingine atapata "kosa" la milimita 27 upande mmoja na la milimita 13 upande wa pili. Pengo hili huitwa kosa la uwakilishi. Hupungua siku zinapojumlishwa kuwa mwezi, na hupungua pia katika mvua tulivu inayotanda kwa saa nyingi. Hukua sana katika mvua za ngurumo na kwenye miteremko ya milima.

Upande wa wakati nao una pengo lake, na lina sura ya kinyume. Kipima mvua hukaa mahali pamoja na kukusanya kila tone kwa saa zote 24. Setilaiti inayozunguka dunia huona eneo pana, lakini kwa muda mfupi tu inapopita, kisha huondoka. Kilichonyesha kati ya kupita kwake mara moja na mara inayofuata hujazwa kwa setilaiti nyingine au kwa hesabu. Mvua kali ya dakika 40 inaweza kuanza na kwisha katika upenyo huo.

Kasoro zisizo za kitakwimu, ambazo takwimu haziwezi kuzifuta

Si kweli kwamba kipima mvua ni ukweli wenyewe, ingawa ripoti nyingi hukichukulia hivyo. Upepo unaopanda juu ya mdomo wake hupeperusha matone, hasa madogo, na hivyo chombo hukusanya pungufu: kwa mvua ya kawaida upungufu huwa asilimia chache, lakini kwa theluji penye upepo mkali zaidi ya nusu inaweza kupotea. Matone mengine hubaki yameshikamana na kuta za chombo au hukauka kabla ya kusomwa. Vipima mvua vya vikombe vinavyopinduka, ambavyo huhesabu kila kikombe kinapojaa na kujimwaga, haviwezi kuona mvua iliyo ndogo kuliko ujazo wa kikombe kimoja, ambao kwa kawaida ni sawa na milimita 0.1 au 0.2, na katika mvua kali sana hupoteza maji yanayoingia wakati kikombe kinageuka. Jambo la kuzingatia ni kwamba karibu kasoro zote hizi zinaelekea upande mmoja, wa kupunguza, na kwa hiyo kuongeza idadi ya siku au ya vituo hakuziondoi.

Setilaiti haipimi mvua iliyofika ardhini. Inapima mnururisho kutoka mawinguni, kisha hesabu ndiyo inayougeuza kuwa milimita. Vyombo vya infraredi hupima baridi ya kilele cha wingu na kudhani kwamba kilele baridi kina maana ya mvua nyingi. Dhana hiyo husaidia panapotawala mawingu marefu ya ngurumo, lakini hudanganywa na mawingu membamba ya barafu yaliyo juu sana na yasiyo na mvua, na huikosa mvua ya milimani inayotoka katika mawingu mafupi ambayo vilele vyake havijapoa vya kutosha. Vyombo vya mikrowevu huingia ndani zaidi ya wingu, lakini juu ya nchi kavu hutegemea sana mtawanyo unaosababishwa na chembe za barafu, kwa sababu ardhi yenyewe hutoa mnururisho mwingi unaoficha ule wa matone. Rada ya angani ndiyo iliyo karibu zaidi na kipimo cha moja kwa moja. Ile ya TRMM, setilaiti ya mvua iliyotangulia GPM, ilirushwa mwaka 1997, na ile ya GPM, yenye masafa mawili, mwaka 2014. Tatizo ni kwamba ukanda unaoonwa na rada ya GPM una upana wa kilomita 245 tu, hivyo kazi yake kubwa imekuwa kuvisahihisha vyombo vingine. Na katika maeneo makavu, matone yanaweza kukauka yakiwa njiani kushuka: setilaiti huona mvua, ardhi haioni kitu.

Kugawa tofauti kabla ya kumlaumu mtu

Hatua ya kwanza ya haki katika ulinganisho ni kutenganisha sehemu mbili za tofauti. Ikiwa makosa ya setilaiti na makosa ya uwakilishi ya kipima mvua hayahusiani, basi variansi ya tofauti kati yao, yaani wastani wa miraba ya mikengeuko, ni jumla ya variansi mbili: ile ya setilaiti dhidi ya wastani halisi wa eneo, na ile ya kipima mvua dhidi ya wastani huohuo. Ciach na Krajewski waliueleza mgawanyo huu mwaka 1999 kwa ajili ya rada za ardhini, na mantiki yake ni ileile kwa setilaiti. Tuseme variansi ya tofauti ni 100, na kwa kutumia vipima mvua kadhaa vilivyo karibukaribu umekadiria kwamba 60 kati ya hizo zinatokana na uwakilishi. Zinazobaki kwa setilaiti ni 40. Kosa lake la kawaida, ambalo ripoti ya haraka ingeliandika kuwa milimita 10, linashuka hadi milimita 6.3.

Ugumu uko katika ile 60. Ili kuikadiria unahitaji kujua jinsi mvua ya nukta mbili inavyofanana kadiri umbali kati yake unavyoongezeka, na ufanano huo hushuka haraka kwa mvua ya saa moja, polepole zaidi kwa mvua ya siku, na polepole sana kwa mvua ya mwezi. Kwa hiyo mtandao mnene wa vipima mvua, hata uliodumu msimu mmoja tu, una thamani kubwa kuliko wingi wa vituo vilivyotawanyika kila kimoja peke yake. Kwa maoni yangu, mraba wenye kipima mvua kimoja tu haufai kutumika kuihukumu setilaiti kwa mvua ya siku. Uwe na viwili angalau, na ikiwezekana zaidi, ukikumbuka kwamba vipima mvua vitano vilivyopangwa katika ua mmoja ni karibu sawa na kimoja.

Njia nyingine ni kutumia vyanzo vitatu badala ya viwili. Mbinu hii, iliyoelezwa na Stoffelen mwaka 1998 kwa vipimo vya upepo, hukadiria ukubwa wa makosa ya kila chanzo bila kukiteua kimoja kuwa ukweli, mradi makosa ya vyanzo hivyo yasiwe na uhusiano. Sharti hilo ndilo linalovunjwa mara nyingi. Takwimu mbili za setilaiti zenye majina tofauti huenda zinakula sahani moja ya vipimo vya mikrowevu, na kwa hiyo hukosea pamoja. Mbinu itauona ufanano wa makosa yao kama ushahidi wa usahihi. Chanzo cha tatu kinachofaa zaidi ni kielelezo cha angahewa, yaani programu ya kompyuta inayoiga mwendo wa hewa, kama ERA5 ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kwa kuwa mvua yake hutokana na fizikia ya kielelezo na si na picha ya wingu.

Mtego wa siku za mvua kubwa

Kuna mtego mmoja ninaouhesabu kuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu anayeingia ndani yake hudhani amefanya uchunguzi wa kina. Mchambuzi huchagua siku zote ambazo kipima mvua kilisoma zaidi ya milimita 50, huangalia setilaiti ilisema nini katika siku hizo, hukuta inasema pungufu sana, kisha huandika kwamba setilaiti hupunguza mvua kubwa. Hitimisho hilo huenda likawa kweli, lakini uchunguzi huo haulithibitishi. Siku ambazo kipima mvua kilizidi 50 ni, kwa sehemu kubwa, siku ambazo kiini cha dhoruba kilipita juu yake hasa. Wastani wa mraba mzima ni lazima uwe mdogo zaidi, hata kama setilaiti haina kosa lolote.

Anayetaka kuuona mtego huu kwa macho yake na augeuze uchaguzi: achague siku ambazo setilaiti ilizidi milimita 50, kisha aangalie kipima mvua. Mara nyingi atakuta kwamba sasa ni kipima mvua kinachoonekana kupunguza. Vitu viwili haviwezi kupunguzana vyote viwili kwa wakati mmoja. Kinachoonekana ni kurejea kwa wastani, ambako hutokea kila mara unapochagua kwa kigezo cha namba moja yenye kelele, yaani inayoyumba kwa bahati, na kupima kwa nyingine. Njia iliyo salama zaidi ni kulinganisha migawanyo yote miwili, yaani jinsi kiasi kidogo na kikubwa cha mvua kinavyojirudia katika kila chanzo, bila kuoanisha siku, au kuchagua siku kwa kutumia chanzo cha tatu, au walau kuonyesha matokeo ya pande zote mbili katika ukurasa mmoja.

Mtego huohuo hujificha katika masahihisho. Ni desturi kuipandisha migawanyo ya setilaiti ili ifanane na ile ya kipima mvua, asilimia kwa asilimia, ili siku yake kubwa kabisa ilingane na siku kubwa kabisa ya kituo. Kwa anayetafuta mvua ya nukta moja, hilo linaweza kufaa. Kwa anayetaka kukokotoa mafuriko ya mto, ni hatari, maana kila mraba wa bonde sasa umepewa ukali wa nukta, na miraba jirani, ambayo kwa kawaida hupanda kwa pamoja, itamwaga katika mto maji ambayo hayakunyesha kamwe.

Sifuri nyingi na dhoruba chache

Mvua ya siku haifuati umbo la kengele. Siku nyingi ni sifuri, nyingine ni ndogo, na chache ni kubwa mno. Kutokana na hali hiyo, vipimo vya kawaida vya ufanano huwa mikononi mwa siku chache: dhoruba moja ya milimita 150 iliyoonwa na pande zote mbili inaweza kuupandisha mgawo wa uhusiano (kipimo cha jinsi safu mbili zinavyopanda na kushuka pamoja) wa mwaka mzima, na dhoruba hiyohiyo ikikosewa kwa siku moja inaweza kuuangusha. Kutumia logariti hupunguza tatizo hilo na pia huendana na ukweli kwamba makosa ya setilaiti hukua pamoja na mvua yenyewe, yaani yanaelezeka vizuri zaidi kama asilimia kuliko kama milimita za kujumlisha. Lakini sifuri haina logariti. Kuongeza namba ndogo kwa kila siku ili kukwepa tatizo hilo ni hila ambayo matokeo yake hutegemea ukubwa wa namba uliyoichagua, na nisingeipendekeza.

Kilicho bora ni kuligawa swali. Kwanza, je, vyanzo vinakubaliana kuhusu kunyesha au kutonyesha? Pili, siku ambazo vyote vimesema imenyesha, vinakubaliana kuhusu kiasi? Tuseme katika siku 100 kipima mvua kimeona mvua siku 30, setilaiti imeona siku 40, na siku 24 zinagongana. Setilaiti imezipata asilimia 80 ya siku za mvua, lakini asilimia 40 ya matangazo yake hayakuthibitishwa na kituo. Ukihesabu siku zote walizokubaliana, pamoja na zile kavu, unapata asilimia 78, na namba hii ya mwisho ndiyo isiyofaa kabisa: mahali panaponyesha siku tatu tu katika 100, chombo kinachosema "hakuna mvua" kila siku hupata asilimia 97.

Hata ile asilimia 40 inahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu mraba wa kilomita 11 hunyeshewa siku nyingi kuliko nukta yoyote iliyomo. Baadhi ya matangazo "ya uongo" yalikuwa mvua ya kweli iliyonyesha kilomita sita kutoka kituoni. Tena kizingiti cha kuiita siku kuwa ya mvua hubadilisha kila kitu. Kwa kipima mvua cha vikombe vya milimita 0.2, kizingiti cha 0.1 hakina maana; milimita moja ni kizingiti chenye usalama zaidi, na ripoti isiyotaja kizingiti chake haistahili kulinganishwa na nyingine.

Jumla za mwezi nazo huficha mengi. Setilaiti iliyokosa milimita 30 za mvua halisi na kubuni milimita 30 nyingine siku ambazo hazikunyesha itakuwa na mwegemeo, yaani wastani wa makosa, wa sifuri kwa mwezi huo. Anayehitaji jumla ya mwezi hana sababu ya kulalamika. Anayehitaji kujua ni siku gani ilinyesha amepewa takwimu ambazo hazimfai.

Saa, vituo vilivyomo ndani, na wingi wa uongo wa data

Mambo matatu yafuatayo ni ya kiufundi zaidi, lakini yameharibu kazi nyingi.

Siku ya kituo si siku ya setilaiti. Katika nchi nyingi kipima mvua cha mkono husomwa saa 3 asubuhi, na kiasi kinachosomwa ni cha saa 24 zilizopita, ingawa wengine hukiandika chini ya tarehe ya kusoma na wengine chini ya tarehe ya jana. Siku ya setilaiti huanza saa 6 usiku kwa saa za UTC (saa za dunia zinazohesabiwa kutoka Greenwich), ambayo mahali pengine ni alfajiri na mahali pengine ni alasiri. Kabla ya jambo lingine lolote, kokotoa uhusiano ukiisogeza safu moja siku moja mbele, kisha siku moja nyuma. Ikiwa uhusiano unapanda sana baada ya kusogeza, basi umegundua kosa la kalenda na si la setilaiti. Kwa IMERG, yenye vipimo vya nusu saa, unaweza kujumlisha upya saa 24 zinazolingana na daftari la kituo. Kwa takwimu zinazotolewa kwa siku nzima tu, huna uhuru huo.

Pili, uhuru wa vyanzo. Toleo la mwisho la IMERG, linalotoka takriban miezi mitatu na nusu baadaye, hurekebishwa kwa vipimo vya mwezi vya vituo vya ardhini vinavyokusanywa na GPCC, kituo cha takwimu za mvua kilichoko Ujerumani, na CHIRPS huchanganya vituo ndani yake. Ukilinganisha takwimu hizo na kituo ambacho tayari kimo ndani yake, unalipima jibu kwa jibu lenyewe. Matoleo ya mapema ya IMERG, lile linalotoka baada ya saa nne hivi na lile linalofuata kwa kuchelewa zaidi, hayasubiri vipimo vya mwezi husika, na CHIRP, pacha wa CHIRPS, haijachanganywa na vituo. Hizo ndizo za kupimwa, na toleo lililorekebishwa ndilo la kutumia baadaye.

Tatu, siku 365 zilizorudiwa katika vituo 20 haziwi ushahidi huru 7,300. Mvua ya leo inahusiana na ya jana, na kituo kinahusiana na jirani yake. Kwa uhusiano wa siku hadi siku wa 0.3 pekee, siku 365 hubeba taarifa ya wastani sawa na siku kama 197 zilizo huru, na uhusiano wa vituo hupunguza zaidi. Anayepuuza hilo hupata mipaka ya uhakika iliyo myembamba mno na kutangaza tofauti ambazo msimu ujao utazifuta. Dawa ni kuchagua sampuli za marudio kwa vipande vizima, mathalani mwezi mzima na vituo vyake vyote, badala ya siku moja moja.

Kuchagua kwa kazi

Kwa kazi ya mahali pamoja, kama mfereji wa paa au shamba moja, chagua kipima mvua, ilimradi kiko ndani ya kilomita chache na hakina mapengo katika siku za dhoruba. Mapengo hayo hayatokei kwa bahati. Chombo hufurika, huziba au msomaji hushindwa kukifikia hasa mvua inapokuwa kali, na mwaka wenye siku kumi zisizo na kumbukumbu unaweza kuwa umepoteza sehemu kubwa kuliko siku kumi za wastani. Ikiwa kituo cha karibu kiko mbali kwa makumi ya kilomita katika eneo la mvua za ngurumo, setilaiti huwa bora kwa siku, hata kwa nukta.

Kwa bonde kubwa la mto na jumla za mwezi, setilaiti ina faida iliyo wazi, kwa kuwa vituo hukaa mabondeni, mijini na kando ya barabara, na wastani wao hauwakilishi vilele ambako mvua nyingi hunyesha. Lakini pale milima inapotawala, setilaiti isiyorekebishwa nayo hushindwa, na hapo takwimu za mseto, zilizounganisha vyanzo vyote viwili, ndizo zinazopaswa kuanza kuchunguzwa. Kwa bonde dogo lenye mafuriko ya saa mbili, kuchelewa kwa saa nne ni kuchelewa mno; huko ni vipima mvua vinavyotuma taarifa moja kwa moja, au rada ya ardhini.

Kwa ukame, ninachagua takwimu ndefu za setilaiti kama CHIRPS au TAMSAT, lakini kila chanzo kilinganishwe na wastani wake chenyewe. Ukiuliza msimu huu ni asilimia ngapi ya msimu wa kawaida wa chanzo hichohicho, mwegemeo usiobadilika hujifuta, na vyanzo vilivyotofautiana sana kwa milimita huanza kukubaliana.

Kwa mabadiliko ya miongo, hali inageuka. TRMM ilipandishwa kutoka mwinuko wa kilomita 350 hadi 402 mwaka 2001 na kazi yake ikamalizika mwaka 2015. Setilaiti nyingine zimeingia na kutoka, na kila badiliko linaweza kuacha ngazi katika mfululizo inayofanana na mabadiliko ya tabianchi. Kituo nacho kinaweza kuhamishwa, kubadilishiwa chombo au kuzungukwa na miti iliyokua, lakini angalau historia yake inaweza kusomwa daftarini na kila ngazi ikatafutiwa tarehe. Hapa ningechagua vituo vichache vyenye historia safi kuliko ramani nzima isiyo na historia. Penye theluji, kipima mvua kisichorekebishwa kwa upepo kisiwe hakimu wa chochote.

Anayechagua mseto ana kazi moja iliyobaki, ya kupima kama mchanganyiko umeongeza kitu. Kwa kawaida huficha vituo vichache, huchanganya vilivyobaki, kisha hulinganisha. Vituo hivyo visifichwe kimoja kimoja kwa kura. Kituo kilichofichwa katikati ya majirani waliotumika huonyesha tu jinsi mvua ya majirani inavyofanana, wakati mtumiaji anataka kujua namba zitakuwaje kule ambako hakuna kituo kwa kilomita 80. Ficha eneo zima, pamoja na vituo vyake vyote, kisha upime katikati yake. Ikiwa mseto hauizidi setilaiti peke yake hapo, basi katika maeneo yasiyo na vituo utumie setilaiti peke yake.